Mashine ya Boti Inapozimika Majini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyopo hapa yanahusu mashine za kupachika (zile zinazofungwa nyuma ya boti) zinazotumia petroli, hasa zile za mipigo miwili ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, kwa kuwa hizo ndizo zinazosukuma boti nyingi za uvuvi na za abiria kuanzia Lamu hadi Mtwara, na vilevile katika Ziwa Victoria. Mashine za mipigo minne zimetengewa swali lao kuelekea mwisho. Kitabu kilichokuja na mashine ndicho chenye neno la mwisho katika vipimo vyote. Kilichoandikwa hapa ni namna ya kufikiri mtu akiwa majini, mikono imelowa na spana ni mbili tu.

Mashine imezimika tukiwa mbali na nchi kavu. Nianze na nini?

Anza na boti yenyewe, mashine itasubiri. Boti isiyo na nguvu huyapa mawimbi ubavu, na ubavuni ndiko maji yanakoingilia. Ikiwa kina kinaruhusu, teremsha nanga kutoka omo, yaani mbele ya boti, mara moja na uachie kamba yenye urefu wa angalau mara tano ya kina, kwa sababu kamba fupi huiinua nanga badala ya kuilaza chini. Usiifunge nanga tezi, yaani nyuma, kwa sababu tu ndiko ulikosimama na mashine: tezi ni fupi, imebeba uzito wa mashine na mtu anayeitengeneza, na wimbi moja la nyuma linaweza kuijaza boti kabla hujafungua kifuniko.

Ziko sehemu ambazo nanga haigusi chini. Mkondo wa Unguja una maji mafupi, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na maji ya pwani hii ya Tanzania hutembea kuelekea kaskazini mwaka mzima, yakizidi kasi wakati wa kusi. Boti iliyozimika huko asubuhi haitakuwa hapo jioni. Katika hali hiyo funga ndoo imara, au tanga lililokunjwa mfano wa mfuko, kwenye kamba ya omo na uitupe majini. Itaburuza na kuifanya omo itazame mawimbi, huku ikipunguza kasi ya kuchukuliwa. Kila mtu avae boya lake wakati huohuo. Toa taarifa mapema, kwa redio ya VHF chaneli 16 au kwa simu kabla mtandao haujapotea, ukitaja mahali ulipo, idadi ya watu na upande mnakochukuliwa. Kutoa taarifa kisha mashine ikawaka dakika kumi baadaye hakumwaibishi nahodha yeyote.

Nitajuaje kama tatizo ni la mafuta au la umeme bila kufungua chochote?

Kumbuka ilivyokufa. Hili ndilo swali ambalo fundi mzuri humwuliza nahodha kabla ya kugusa spana, na ndilo ambalo manahodha wengi hawana jibu lake, kwa kuwa mashine ikizimika tu huanza kuvuta kamba ya kuwashia kama wanaoteka maji kisimani. Mashine iliyonyamaza ghafla, kama taa iliyozimwa, mara nyingi imepoteza umeme. Mashine iliyopungua nguvu, ikakohoa, ikajaribu kuinuka tena kisha ikafa, imekosa mafuta safi ya kutosha. Mashine iliyoanza kuwa nzito, sauti ikabadilika kuwa ya kukwaruza, kisha ikasimama na kamba ya kuwashia ikawa ngumu kuvutika, imepata moto kupita kiasi, nayo isilazimishwe hata kidogo.

Alama hizi hazikosi ubaguzi wake, lakini zinatosha kukuambia uanzie upande gani. Kanuni ya pili ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukisafisha plagi, ukafungua parafujo ya hewa na kuhamisha mpira wa mafuta kwa pamoja, mashine ikiwaka hutajua ilichokuwa ikiumwa, na kesho utarudi pale pale.

Ilinyamaza ghafla. Niangalie wapi kwanza?

Angalia kamba ya usalama, ile nyekundu inayofungwa mkononi mwa nahodha na kuchomekwa kwenye swichi ya kuzimia. Kiwiko kinaweza kuichomoa bila mtu kuhisi, na kibanio chake kikichakaa hutoka chenyewe kwa mtikisiko wa mawimbi. Ikiwa ipo mahali pake, fuatilia waya wa swichi hiyo hadi ndani, kwa sababu chumvi ikila ganda la waya na waya ukagusa chuma cha mashine, mashine huzimika kana kwamba umeizima mwenyewe. Kisha bonyeza kofia za plagi zikae imara.

Baada ya hapo ndipo ufungue plagi, uiweke ndani ya kofia yake, uguse chuma cha mashine kwa sehemu yake yenye hesi na uvute kamba kuangalia cheche. Fanya hivyo ukiwa umefunga dumu na tangi, umefuta petroli iliyomwagika na umeacha upepo upite, kwa sababu cheche unayoitafuta ndiyo hiyohiyo inayoweza kuwasha mvuke wa petroli uliotuama chini ya kifuniko. Usiishike plagi kwa mkono mtupu.

Kama cheche ipo mashine ikiwa baridi lakini hupotea ikishapata joto, na baada ya kupumzika saa nzima huwaka bila shida, shuku koili au kile kisanduku cha umeme cha kuwashia. Hicho hakitengenezwi baharini.

Hutembea vizuri dakika kumi na tano, hupungua nguvu, huzimika, na ikipumzika huwaka tena. Kwa nini?

Fungua kifuniko cha tangi la petroli na usikilize. Ukisikia tangi likivuta pumzi, umepata jibu: parafujo ndogo ya hewa iliyo juu ya kifuniko imefungwa au imezibwa na chumvi. Kila petroli inapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tangi hujenga mvuto wake lenyewe hadi pampu ya mashine ishindwe kuvuta. Mashine ikisimama, hewa hupenya taratibu kupitia mianya midogo, na ndiyo maana inawaka tena na kumdanganya nahodha kwamba imepona.

Naliweka kosa hili mbele ya mengine yote kwa sababu limenipata mwenyewe. Tulikuwa tunatoka Kilindoni kuelekea Nyamisati, mashine ikazimika mara tatu, tukabadilisha plagi mbili, tukashusha kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na kupuliza kwa mdomo jeti zake, yaani vitundu vya kupitishia petroli, hadi utingo alipokumbuka kwamba alikuwa ameifunga parafujo ile asubuhi ili petroli isimwagikie mchele wa abiria. Tulipoteza karibu saa mbili. Parafujo hiyo hufungwa tangi linapobebwa, na hufunguliwa tangi linapoanza kutumika. Kwa matangi yanayokaa juani ni vizuri zaidi kuifungua kabla ya kuunganisha mpira wa mafuta, ili presha iliyojengwa na joto isisukume petroli kwa nguvu ndani ya kabureta.

Pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa mafuta inaweza kunieleza nini?

Inaeleza mengi, kwa anayeishika kabla ya kuvuta kamba. Mshale wake lazima uelekee kwenye mashine. Ukiibonyeza mara kadhaa huku umeishika wima, mshale ukitazama juu, inatakiwa kuwa ngumu na kubaki hivyo. Ikiwa imenywea na kubaki bapa kama ndala iliyokanyagwa, mafuta hayaji kutoka kwenye tangi: ama hewa haiingii, ama chujio lililo kwenye mrija wa kunyonyea limeziba. Ikiwa inabaki laini hata ukiibonyeza mara ishirini, ama tangi ni tupu, ama kuna mahali inavuta hewa, ama vali zake za ndani zimekufa. Kagua kwanza viungio viwili vya kuchomeka, cha tangini na cha kwenye mashine, kwa sababu duara dogo la mpira lililo ndani yake huchanika, na mpasuko mdogo huingiza hewa bila kutoa hata tone la petroli nje.

Jaribio la muhimu zaidi hufanywa mashine ikiwa inakaribia kuzimika. Mwambie mwenzako aibonyeze taratibu. Mashine ikipata nguvu na kuendelea kwa kadiri anavyobonyeza, pampu ya mafuta ya mashine yenyewe ndiyo dhaifu, na mara nyingi ni ule utando wake mwembamba uliochanika au kukakamaa. Habari njema ni kwamba unaweza kufika nyumbani hivyohivyo, mtu mmoja akibonyeza mpaka pwani, ingawa mkono utamuuma.

Nashuku petroli ina maji. Nihakikishe vipi?

Chukua chupa safi ya plastiki inayoonesha ndani, uijaze petroli kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi au kutoka kwenye bakuli la kabureta, kisha uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mstari utaonekana wazi. Petroli iliyochanganywa oili huwa na rangi, na maji hubaki meupe au yenye ukungu. Usitegemee kuonja wala kunusa.

Maji huingia kwa njia nyingi kuliko watu wanavyodhani. Yapo yanayoingia kwa wimbi kupitia kifuniko kilicholegea, yapo yanayotokana na unyevu wa usiku katika tangi lililoachwa nusu, na yapo yaliyonunuliwa pamoja na petroli kijijini, ndani ya dumu la mafuta ya kula lililosuuzwa na halikukaushwa. Katika visiwa visivyo na kituo cha mafuta, petroli hupita mikononi mwa watu kadhaa na ndani ya madumu kadhaa kabla ya kufika kwenye boti. Kitambaa cha kuchujia huzuia taka, lakini maji hupita.

Ukiwa majini, suluhisho ni kuinamisha tangi ili maji yakae pembe moja, kuinua mrija wa kunyonyea usifike chini kabisa ikiwa tangi linaruhusu, na kumwaga kilichomo kwenye bakuli la kabureta kupitia parafujo yake ya chini. Kinga petroli hiyo kwa chupa, usiimwage baharini wala sakafuni mwa boti. Bonyeza pampu ya mkono hadi mafuta safi yaje, kisha ufunge na ujaribu. Huenda ukalirudia zoezi hili mara tatu kabla ya kufika.

Oili kiasi gani ichanganywe?

Kwa mashine nyingi za mipigo miwili zinazotumika sasa, uwiano ni 50 kwa 1 baada ya mashine kuzoea kazi, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 400 kwa lita 20. Mashine mpya, katika saa zake za kwanza, kwa kawaida huhitaji 25 kwa 1, ambayo ni mililita 800 kwa lita 20. Soma kitabu cha mashine yako, kwa kuwa aina nyingine zina uwiano tofauti. Oili ikizidi, plagi huloa na kuwa nyeusi, moshi huongezeka na mashine huzimika ikiwa kwenye mwendo mdogo. Oili ikipungua, mashine hutembea vizuri sana, hata kwa wepesi wa kupendeza, hadi siku inaponoki, yaani inapokwama kabisa.

Nunua oili iliyoandikwa TC-W3, ambayo imetengenezwa kwa mashine zinazopozwa na maji. Oili ya pikipiki si mbadala wake, japokuwa bei yake inashawishi.

Inazimika tu ninapopunguza mwendo au ninapoingiza gea. Mwendo mkubwa haina shida.

Jeti ya mwendo mdogo ndani ya kabureta ina tundu jembamba mno, na petroli iliyochanganywa oili ikikaa wiki nyingi bila kutumika huacha utando unaoliziba kabla ya matundu mengine. Hiyo ni kazi ya kufanyia nchi kavu: shusha kabureta, safisha kwa dawa yake, puliza kwa upepo, na usiingize waya ndani ya tundu, kwa sababu waya hulipanua na kuharibu kipimo. Ukiwa majini, epuka kushusha mwendo. Endesha kwa kasi ya wastani hadi ukaribie, na uwe na kasia tayari wakati wa kuegesha.

Ikiwa inazimika kwenye gea pekee, zima, inua mashine na uitazame propela. Mshipi au kipande cha nyavu kilichojizungusha kwenye mhimili kinatosha kuibana. Kikate chote, kwa kuwa mshipi uliobaki huingia ndani na kuchana sili ya gea, na maji ya chumvi yakishaingia kwenye oili ya gea gharama hubadilika kabisa.

Na kinyume chake: inatulia vizuri lakini ikiongezewa mwendo inakufa?

Mafuta yanayopita yanatosha mwendo mdogo tu. Rudi kwenye parafujo ya hewa, machujio, mpira wa mafuta na pampu, kwa utaratibu huo, ukianzia tangini na kuelekea kwenye mashine. Jeti kubwa ya kabureta iwe ya mwisho.

Plagi inasema nini?

Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayawaki: tafuta umeme. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, mafuta hayafiki. Nyeusi yenye mafuta mazito huashiria oili nyingi, choki (kizuizi cha hewa cha wakati wa kuwasha) iliyosahauliwa au mashine inayotembezwa polepole siku nzima. Nyeupe iliyokauka kama chokaa ni onyo la joto kali au mchanganyiko wenye petroli kidogo. Matone ya maji humaanisha maji katika petroli au, vibaya zaidi, gasketi ya juu iliyopasuka.

Nimevuta kamba mno na sasa kuna harufu kali ya petroli. Je, nimeizamisha kwa mafuta?

Bila shaka. Zima choki, chomoa mpira wa mafuta, fungua mwendo wote na, kamba ya usalama ikiwa imetolewa, vuta mara kadhaa. Kausha plagi, zirudishe, subiri kama dakika kumi, kisha jaribu bila choki.

Maji ya kupozea yameacha kutoka kabla ya mashine kuzimika. Ni hatari?

Ni hatari kuliko yote yaliyotajwa hapo juu, kwa sababu makosa mengine hukuchelewesha na hili huimaliza mashine. Ule mkondo mwembamba wa maji unaotoka nyuma chini ya kifuniko ndio ushahidi kwamba maji yanapanda. Ukikatika, zima papo hapo. Inua mashine na uangalie matundu ya kuingizia maji kwenye mguu wa mashine, sehemu inayoingia majini: baharini utakuta mfuko wa plastiki au mwani, na katika Ziwa Victoria utakuta magugumaji. Yaondoe, chokoa tundu la kutolea kwa uzi mwembamba wa mshipi, kwa kuwa mara nyingine ni tundu hilo tu lililoziba kwa chumvi huku maji yakipita vizuri ndani.

Usimwage maji ya bahari juu ya silenda lenye moto ili kuharakisha. Chuma kilichovimba kwa joto hupasuka. Acha ipoe yenyewe, angalau nusu saa, kisha vuta kamba taratibu. Ikizunguka kwa wepesi, washa na utazame: maji yasipotoka ndani ya dakika moja, zima tena. Hapo tatizo ni impela, kile kigurudumu cha mpira kilicho ndani ya mguu ambacho hulika kwa mchanga, na hasa kwa wale wanaowasha mashine ufukweni bila maji ili kumwonesha mteja kwamba inawaka. Impela ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na pistoni. Kibadilishe kabla hakijakufa.

Mashine yangu ni ya mipigo minne. Kuna tofauti?

Mambo ya hewa, petroli, plagi na upozaji ni yaleyale. Tofauti ni kwamba oili ina sehemu yake na lazima ipimwe kwa kijiti kabla ya safari, mashine ikiwa wima. Nyingi hupunguza mwendo zenyewe au kupiga honi oili ikipungua au joto likizidi, na nahodha asiyejua hudhani imeharibika. Nyingi kati ya zile zenye kupuliza petroli kwa kompyuta zinahitaji betri yenye nguvu. Betri ikichoka baharini, hata mafuta safi hayatakusaidia.

Mashine imeanguka baharini na tumeitoa. Tuiwashe?

Msiiwashe. Kama ilikuwa inafanya kazi ilipozama, kuna uwezekano maji yamejaa ndani ya silenda, na maji hayabanwi. Kuivuta kwa nguvu kunaweza kupinda fimbo ya pistoni. Ivuteni kamba kidogo tu: ikigoma, ipelekeni kwa fundi kama ilivyo. Ikizunguka, toeni plagi, osheni mashine nzima kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ilazeni matundu ya plagi yakitazama chini na mzungushe taratibu mpaka maji yaishe. Mwageni mafuta yote ya kabureta, wekeni oili ndani ya matundu, zungusheni tena, kisha ijaribuni siku hiyohiyo.

Kutu huanza pale chuma chenye chumvi kinapokutana na hewa. Kwa hiyo kama fundi yuko mbali na hakuna anayeweza kuifanya kazi hiyo sasa, ni afadhali kuizamisha mashine ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi hadi afike. Watu hushangaa kusikia hivyo.

Nibebe vifaa gani?

Plagi mbili za namba sahihi na spana yake, bisibisi mbili, koleo, kisu, kamba ya usalama ya akiba, kamba ya kuwashia ya akiba, vibano vya mpira wa mafuta, pini za propela, kitambaa kikavu ndani ya mfuko usiopenya maji, na chupa moja tupu inayoonesha ndani. Ongeza kasia mbili. Kwa boti inayotoka nje ya miamba, tanga dogo ni kifaa cha mashine kama spana ilivyo.

Nimeitengeneza. Nitajuaje kwamba imepona?

Pipa la maji halitoshi, kwa kuwa ndani ya pipa mashine haibebi mzigo, na kasoro za pampu au hewa hujitokeza mafuta yanapohitajika kwa wingi. Ingia majini karibu na pwani, ukiwa na watu au mawe yenye uzito wa safari yako ya kawaida, na uendeshe kwa robo tatu ya mwendo kwa nusu saa mfululizo, muda unaopita ule ambao ilikuwa ikizimikia. Kisha punguza hadi mwendo mdogo na uiache dakika tano bila kuigusa, ingiza gea mbele, nyuma, na mbele tena. Ukirudi, fungua plagi uzitazame zikiwa bado zina joto, na uzungushe maji yasiyo na chumvi ndani ya mashine kwa dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya kuifunika.